Acheni Kutumulika

Kuna neno moja ambalo nimelichoka, na najua nitawaudhi wengi nikilitaja: mwangaza. Huku Ikutha, kusini mwa Kitui, wiki haiishi bila mtu kulitumia. Pasta analitumia Jumapili. Mwalimu mkuu analitumia siku ya wazazi. Mheshimiwa analitumia akigawa hundi za basari mbele ya kamera. Kijana wa shirika fulani, fulana imeandikwa kifuani, anashuka kwenye gari jeupe lililojaa vumbi, na sentensi yake ya kwanza ni kwamba wamekuja kuwapa wananchi mwangaza. Wananchi wanapiga makofi. Soda zinagawanywa, sahihi zinawekwa, nauli inatolewa, watu wanarudi nyumbani. Mwaka unaofuata anakuja mwingine na mwangaza wake, na mara nyingi unapingana na ule wa mwaka jana.

Kwani hili giza la Ikutha huwa haliishi? Mwangaza umekuwa ukiletwa hapa tangu kabla reli haijafika Nairobi. Ni zaidi ya miaka 130 sasa. Ingekuwa ni stima, kampuni ingekuwa imefilisika.

Waliokulia karibu na mpaka wa Tsavo wanajua digidigi anavyowindwa usiku. Ni kosa la jinai, lakini watu wanajua. Huhitaji mbwa wala mshale, tochi inatosha. Ukimmulika machoni anasimama, anaganda, anakungoja. Mwenye tochi anamwona digidigi vizuri kabisa, hadi unywele wa sikio. Digidigi haoni kitu, hata mkono ulioshika tochi. Hiyo ndiyo picha inayonijia kila ninapoambiwa tumeletewa mwangaza. Kumulikwa si kuona.

Sehemu ya tatizo ni tafsiri. Waingereza wana neno moja kwa mambo yasiyofanana: kile kipindi cha wanafalsafa wa Ulaya wa karne ya 18, hali aliyoifikia Buddha akiwa chini ya mti, na ile kazi ambayo mmishonari aliamini amekuja kuifanya Afrika. Sisi tulipotafsiri tuliyatia yote katika gunia moja. Ndiyo maana vitabuni utakuta Zama za Mwangaza, na kanisani utasikia mwangaza, na kwenye semina ya vyandarua utasikia mwangaza. Sasa Buddha ana uhusiano gani na tochi? Jina lenyewe lina maana ya aliyeamka. Siddhartha alisoma kwa mwalimu mmoja, akaondoka. Akaenda kwa wa pili, akaondoka. Ndipo akakaa chini kutafuta mwenyewe. (Walimu wawili, na hakubaki kwa yeyote. Nawaachia hilo wajomba zangu walitafakari.)

Kiswahili hakikukosa neno. Kilikuwa nalo siku zote, ndani ya methali ambayo sote tuliikariri shuleni bila kuitazama: mjinga akierevuka, mwerevu yu mashakani. Hebu kitazame kitenzi hicho. Hakuna aliyemwerevusha yule mjinga. Hakuletewa kitu, hakupewa nauli. Ameerevuka mwenyewe. Halafu tazama ni nani anayeingia mashakani siku hiyo: ni yule aliyekuwa akila kwa sababu ya ujinga wake. Methali haijali kama mjinga atafurahi, inatuambia tu nani ataanza kutokwa jasho. Mwangaza haumtoi mtu jasho, na ndiyo maana unapata wafadhili. Kuerevuka hakufadhiliwi na yeyote.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii, na sitaizungusha. Kile wanafalsafa walichokitafuta kinaitwa kuerevuka. Kile tulichopewa Ikutha, kwa jina lilelile la heshima, mara nyingi kimekuwa kinyume chake.

Tuanze na waliokuja kwanza. Mwanzoni mwa miaka ya 1890, Walutheri wa Bavaria waliotumwa na chama cha wamishonari cha Hersbruck walijenga kituo Ikutha, baada ya kuanzia Jimba, karibu na Rabai kule pwani. Mwaka 1893 kazi yao ikachukuliwa na Misheni ya Leipzig. Baadaye vikafuata vituo vingine, kama Mulango karibu na mji wa Kitui. Vita Vikuu vya Kwanza viliwaondoa Wajerumani, na Africa Inland Mission ikaingia mahali pao. Kila mtoto wa huku anajua kuhusu Mjerumani na kanisa lake. Tunachofundishwa ni kwamba kabla ya hapo palikuwa giza, kisha pakapambazuka.

Sasa, mimi si mtu wa kuwadharau wale wazee. Johannes Hofmann alichapisha kitabu mwaka 1901 kuhusu kuzaliwa, kuoa na kufa kwa Wakamba. Ernst Brutzer alichapisha kingine mwaka 1905 kuhusu imani yetu juu ya mizimu, na mwaka uliofuata akatoa mwongozo wa lugha ya Kikamba. Mtu aliyevumilia jua la Ikutha na homa za wakati ule, akakaa chini kujifunza vitenzi vya Kikamba kimoja baada ya kingine, namvulia kofia. Kuna wanangu wa Nairobi wenye majina ya Kikamba ambao hawajafika hata robo ya hapo.

Lakini fuata njia ambayo maarifa yale yalipita. Mzee wa Ikutha aliulizwa: mizimu, ninyi huiita aimu, hufanya nini? Akaeleza. Mmishonari akaandika, akapeleka Ujerumani, kikapigwa chapa Leipzig kwa Kijerumani. Yalipokuwa kinywani mwa mzee, maneno yale yalikuwa giza la kuondolewa. Yalipofika Leipzig, maneno yaleyale yakawa elimu, ya kuwekwa kwenye rafu ya maktaba na kutajwa na maprofesa. Mzee hakuwahi kuambiwa kwamba amefundisha. Aliambiwa aje afundishwe.

Na hakuja haraka. Waliobatizwa miaka ile ya mwanzo walikuwa wachache mno. Ilipotokea njaa kubwa ya mwishoni mwa karne ya 19, ile ambayo Wakamba huiita Ngomanisye, vituo vya misheni viligawa chakula na watu wakaenda. Hata mimi ningeenda. Walioandika historia wamezoea kuueleza uchache wa waumini kama ugumu wa mioyo ya Wakamba. Mimi nauona tofauti. Mtu amekuja na dai kubwa kuliko madai yote, kwamba mababu zako wote wamepotea, nawe unamwambia: ngoja kwanza, nionyeshe. Huo si ugumu wa moyo. Ulaya, mtu aliyefanya hivyo aliitwa mwanafalsafa.

Hapo ndipo jina la Leipzig linaponichoma. Ni mji uleule ambako mwaka 1687 mwalimu mmoja wa chuo kikuu, Christian Thomasius, alitangaza kwamba atafundisha kwa Kijerumani badala ya Kilatini. Kijerumani, lugha ya nyumbani, ya jikoni, ya sokoni. Wakubwa wa chuo walikasirika. Mwaka 1690 akapigwa marufuku kufundisha, akahamia Halle. Wengi huhesabu tangazo lile kuwa mwanzo wa kuerevuka kwa Wajerumani: siku ambayo elimu ilikubali kusema lugha ya mama.

Karne tatu zikapita, na mtoto wa Ikutha akavishwa diski shingoni kwa kusema Kikamba uwanjani. Wanaojua wanajua: kibao kimefungwa kamba, unakivaa hadi umnase mwenzako akiteleza, naye anakivaa, na jioni walioshika diski siku hiyo wanapanga foleni ya viboko. Mimi nilikivaa kwa kuuliza maji yako wapi. Nilikuwa na kiu na sikujua kiu kwa Kiingereza. Utaniambia hayo yalikuwa ya zamani. Mimi sijafika miaka thelathini.

Haya, twende kwa mwenye mada. Mwaka 1784, jarida moja la Berlin lilichapisha makala fupi ya Immanuel Kant wa Königsberg akijibu swali: kuerevuka ni nini? Swali lenyewe lilikuwa limeulizwa na mchungaji, ndani ya tanbihi, kwenye ubishi kuhusu ndoa. Vitu vikubwa huanza hivyo, pembeni. Jibu la Kant halitaji kuletewa kitu hata kidogo. Anasema kwa ufupi kwamba kuna utoto ambao mtu mzima hujiweka mwenyewe, si kwa kukosa akili bali kwa kukosa ujasiri wa kuitumia bila kushikwa mkono. Anawataja wanaotushika mkono: kitabu kinachonielewea mambo, mchungaji anayebeba dhamiri yangu, daktari anayeniamulia nile nini. Anaongeza kwamba hawa walezi wanaipenda kazi yao sana, na wanahakikisha kila mtu anaona kutembea peke yake ni hatari.

Soma hayo halafu nenda kwenye semina. Utamtambua kila mtu ukumbini.

Na kabla hamjanishangilia au kunirushia mawe, huyuhuyu Kant, mwaka 1764, katika kitabu chake kuhusu hisia za uzuri na utukufu, aliandika kwamba weusi wa mtu fulani ulikuwa ushahidi tosha kwamba alilosema ni upumbavu. Ndiyo, mwenyewe. Wakati huo Anton Wilhelm Amo, aliyezaliwa karibu na Axim katika Ghana ya leo na kupelekwa Ujerumani angali mtoto, alikuwa ameshatetea hoja yake Halle mwaka 1729 kuhusu haki za Waafrika walio Ulaya, akatetea tasnifu ya falsafa Wittenberg mwaka 1734, akafundisha Halle na Jena. Amo alipoandika tasnifu yake, Kant alikuwa mtoto wa miaka kumi. Mtu mweusi alikuwa amefundisha falsafa katika vyuo vya Ujerumani kabla Kant hajaandika mstari wowote, na bado Kant hakuona.

Kwa hiyo tufanyeje, tumtupe? Wapo wanaosema hivyo, na ninawaelewa. Mimi naona ni uvivu. Ukichukua kipimo chake mwenyewe ukampima nacho, Kant wa 1764 ni mtoto aliyekuwa akishikwa mkono na porojo za wasafiri. Hakuerevuka katika hilo. Kipimo kinabaki kizuri hata kama fundi alikitumia vibaya. Nyundo ya fundi mwizi bado inapigilia misumari.

Lakini mfano ninaoupenda zaidi hautoki Ujerumani. Uko ng'ambo ya mto Athi, Makueni na Machakos, ambazo zamani zilikuwa wilaya moja. Mwaka 1937 ofisa wa serikali ya kikoloni wa kuhifadhi udongo, Colin Maher, aliandika ripoti kuhusu hali ya Machakos. Ilikuwa ripoti ya kutisha: ardhi inageuka jangwa, na wenyewe hawajui wanachokifanya. Dawa ikapendekezwa na mlezi: ng'ombe wapunguzwe kwa lazima. Mwaka 1938 ng'ombe wakaanza kukamatwa na kuuzwa kwa bei ya kutupa, wengi wakipelekwa kwenye kiwanda kipya cha nyama cha Liebig pale Athi River. Angalia bahati hiyo: mwangaza ulikuja pamoja na kiwanda kinachohitaji ng'ombe.

Wakamba wakafanya nini? Chini ya Muindi Mbingu na chama chao cha Ukamba Members Association, maelfu waliondoka makwao, wanaume, wanawake na watoto, wakaenda Nairobi kumwona gavana. Wakapiga kambi huko wiki kadhaa. Hawakwenda kupigana, walikwenda kubishana. Mbingu akakamatwa na kupelekwa kifungoni Lamu, lakini kabla ya mwaka kuisha serikali iliacha kuwanyang'anya watu ng'ombe kwa nguvu. Leo jina lake liko kwenye barabara katikati ya Nairobi, na wanaopita hapo wakitafuta viatu hawajui kwamba wanamkanyaga mwanafalsafa.

Hadithi haiishii hapo, na sehemu ya pili ndiyo inayoniuma kwa kutosimuliwa. Mwaka 1994 watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu kuhusu Machakos hiyohiyo. Tangu miaka ya 1930 watu walikuwa wameongezeka zaidi ya mara tano. Kwa hesabu ya ile ripoti ya kutisha, pangekuwa mchanga mtupu. Watafiti wakakuta mmomonyoko umepungua, miti imeongezeka, na milima imekatwa matuta kutoka juu hadi chini. Matuta hayo kwa sehemu kubwa walichimba wenyeji wenyewe, hasa wanawake, katika vikundi vya mwethya. Serikali ilichangia, sikatai, na miaka ya 1940 na 1950 ilitumia hata shuruti, jambo lililofanya watu wayachukie matuta kwa muda. Kazi kubwa ilifanyika pale watu walipochagua wenyewe aina ya tuta na wakati wa kulichimba. Mtindo mmojawapo, wa kutupa udongo upande wa juu wa mtaro, unajulikana kwa wataalamu wa udongo katika nchi nyingi kwa jina la Kiswahili: fanya juu. Wazungu wanaandika vitabu vya kiufundi wakitumia maneno ya mwanamke wa Machakos mwenye jembe. Je, hilo liko kwenye mtaala? Mimi sikulisikia darasani hata siku moja. Mapinduzi ya Ufaransa niliyasikia mara tatu.

Nyumbani kwetu jambo hili lina sura ndogo zaidi. Susu yangu alikuwa akipanda mawele na mtama. Akaambiwa hiyo ni chakula ya watu wa giza, watu walioerevuka hula ugali wa mahindi. Mahindi yakapandwa na mahindi yakakauka, mwaka baada ya mwaka, maana mvua ya Ikutha haikuhudhuria ile semina. Siku hizi wanakuja wataalamu wenye picha za kurusha ukutani, wanawaambia wajukuu wake kwamba kuna nafaka za ajabu zinazostahimili ukame: mawele na mtama. Wanazigawa mbegu kwenye vipakiti. Susu alikuwa na mbegu hizo zimening'inia juu ya moshi wa jiko hadi alipokufa, na hakuna aliyewahi kumfuata kumuuliza.

Najua hapa kuna atakayesema: basi kijana anataka turudi nyuma, tuwe tunapiga ramli. Hapana. Nimesema susu alijua mbegu, sikusema alijua kila kitu. Aliamini mambo kadhaa ambayo yalikuwa si kweli, na mengine yaliumiza watu, hasa wanawake wazee waliosingiziwa uchawi. Kuerevuka kunakata pande zote. Wakamba wanasimulia asili ya kifo hivi: Mungu alimtuma kinyonga akawaambie watu kwamba hawatapotea kabisa. Kinyonga akafika, akaanza kugugumia. Ndege mmoja mwenye maneno mengi akamkatiza, akatangaza kwa sauti safi kwamba watu watakufa na watakwisha. Watu wakalipokea lililosemwa vizuri. Hakuna aliyemwambia yule ndege anyamaze kidogo ili kinyonga amalize. Hadithi hii ni ya kwetu, na inatulaumu sisi wenyewe, wasikilizaji, si wageni.

Na tumekuwa na watu waliomaliza sentensi. John Mbiti alizaliwa mwaka 1931 huku Kitui, upande wa Mulango, akakulia katika kanisa la wamishonari, akasoma hadi Cambridge, na mwaka 1969 akatoa kitabu kilichosomwa dunia nzima kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, akieleza dhana ya wakati kwa kutumia maneno mawili ya Kiswahili, sasa na zamani. Mwaka uliofuata Okot p'Bitek akatoa kitabu chake, akawashambulia bila huruma wasomi waliokuwa wakiivisha miungu ya Afrika kanzu za Kigiriki, Mbiti akiwemo. Odera Oruka naye, pale Chuo Kikuu cha Nairobi, akaenda vijijini na kinasa sauti kutafuta wazee wanaofikiri kwa kuhoji mila, siyo kuzikariri tu, na mwaka 1990 akakichapisha kitabu chake juu ya falsafa ya wenye hekima, na mazungumzo yao yamo ndani kwa majina yao. Linganisha na yule mzee wa Ikutha asiye na jina. Watu hawa walibishana hadharani, kwa wino, bila kuomba ruhusa. Sihitaji kukubaliana na yeyote kati yao, na Mbiti simkubali katika hoja yake kwamba Mwafrika wa jadi hakuwa na wakati ujao wa mbali. Anayepanda mbuyu anapanda kwa ajili ya nani?

Sasa nifike kwenye jambo la kwangu, maana najua mtaliuliza. Niliacha chuo mwaka wa tatu. Karo ilikuwa sehemu ya sababu. Sehemu nyingine ni kwamba nilikaa mihula mitano nikiandika imla. Mhadhiri anasoma faili iliyogeuka manjano, sisi tunaandika, kisha tunamrudishia maneno yake kwenye mtihani, na aliyerudisha vizuri zaidi anaitwa mwerevu. Siku niliyouliza ni nani aliyesema hoja ile na kwa nini tumwamini, darasa lilicheka. Nyumbani walikuwa wamefanya harambee kunipeleka, kuku waliuzwa, mbuzi waliuzwa. Kwa hiyo ninapopita sokoni, wazee wananitazama kama mtu aliyepewa taa akaizima kwa makusudi. Mmoja aliniambia hivyo kwa mdomo. Nilimheshimu, ni rika la babu, nikamjibu taratibu: Umau, taa ile haikuwa yangu, nilikuwa nimeishikilia tu ili mwenyewe aone. Hakunielewa, au alinielewa akaona ni kiburi. Deni la mbuzi nalijua, na nalilipa kwa makala kama hizi, jambo ambalo mbuzi wenyewe wangelicheka.

Kuna pingamizi kubwa zaidi, nalo silikwepi. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola kule Kilifi, ilifukuliwa zaidi ya miili 400 ya watu waliokuwa wafuasi wa mahubiri ya kufunga hadi kufa. Kiongozi wao alishtakiwa, akakana mashtaka. Baadhi ya wazazi walikuwa wameshawatoa watoto shuleni, wakiwa wameaminishwa kwamba elimu ni ya shetani. Mtu akisoma ninavyoisema shule na semina, anaweza kuuliza: wewe na wale mna tofauti gani?

Tofauti ni yote. Wale waliokufa hawakufa kwa kufikiri kupita kiasi. Wengi walikuwa watu waliosoma kiasi, wengine walikuwa na kazi nzuri. Shule ilikuwa imewapitia na kuwaacha na tabia moja iliyofundishwa vizuri kuliko hesabu: kumsikiliza aliye mbele, kuandika, kutouliza. Alipotokea mtu mwingine mbele yao mwenye sauti safi kama ya yule ndege, tabia ilikuwa tayari. Ukimzoesha mtu kumulikwa, huwezi kuchagua nani atashika tochi kesho.

Hata fasihi yetu haijapona ugonjwa huu. Katika Kusadikika, Shaaban Robert anamweka Karama kizimbani kwa kosa la kutaka kufundisha sheria, naye anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na ardhini, wakaleta mawazo mema, wakafungwa gerezani. Ni kitabu cha ujasiri, kilichotoka mwaka 1951 chini ya mkoloni, na bado kinawakera watawala. Lakini hesabu pande hizo. Zote ni nje. Hakuna mjumbe hata mmoja aliyetumwa kwenda kumsikiliza mkulima wa Kusadikika kwenyewe. Sijui kwa nini walimu wetu hawaliulizi hilo, mbona ni swali tamu hivi?

Juni 2024 niliona kuerevuka kwa macho yangu, na hakukuwa na fulana zenye nembo. Mswada wa Fedha ulikuwa wa Kiingereza cha mawakili, umeandikwa usisomwe. Vijana wakausoma. Wakaukatakata vipande, wakavieleza kwenye simu kwa Kiswahili, kwa Sheng, kwa lugha za nyumbani. Mtu wa bodaboda akawa anakutajia kifungu. Mheshimiwa akisimama kusema wananchi hawajaelewa mswada, wanahitaji mwangaza, msichana wa miaka ishirini anamjibu kwa nambari ya ukurasa. Watu waliuawa tarehe 25, na kesho yake Rais akasema hatautia sahihi. Mwerevu alikuwa mashakani, na mwerevu aliye mashakani anauma.

Tangu hapo sisi wachache huku tumekuwa tukikutana Jumamosi mchana nyuma ya duka la mbegu. Tupo saba, wakati mwingine kumi na mmoja, mmoja ni fundi wa pikipiki na mmoja ni mama anayeuza ndengu ambaye aliishia darasa la sita. Hakuna soda. Tunachukua hati yoyote ya serikali inayotuhusu, tunaisoma kwa Kiingereza, tunaigeuza Kiswahili, halafu Kikamba, na mama wa ndengu ana kazi moja tu, kusema hapo sijaelewa. Akisema hivyo tunarudi nyuma. Wiki iliyopita alituzuia saa nzima kwenye neno moja la bajeti ya maji, na hadi tunaondoka hakuna kati yetu aliyekuwa ameweza kumweleza. Jumamosi tunaanzia hapohapo.